Maji ya Kuoshea Mboga Hayamwagwi

Lifti ya jengo lile ilichagua kuharibika siku ya soko, saa ambayo kila mpangaji anarudi na mizigo. Ukumbi wa chini ulijaa vikapu, watoto na lawama, na lawama zote zilimwangukia Fundi, kijana wa ovaroli la bluu aliyepiga magoti mbele ya mlango wa lifti, bisibisi mdomoni.

"Fundi, bado sana?"

Aligeuka ajibu kwa ukali, kama alivyowajibu wapangaji kumi waliotangulia. Jamani, ukali ukamwishia hapo hapo. Mbele yake alisimama dada mmoja, gauni la kijani lenye madoadoa meupe, kilemba kimekaa upande, ndala zimeshika matope. Miguuni pake palikuwa na gunia la udongo.

"Wenzako wanapandisha unga, wewe unapandisha udongo?"

"Na huo unga unatoka wapi, kama si kwenye udongo?"

Watu wakacheka. Fundi akajitwika gunia, akapanda nalo ghorofa saba kwa miguu, lifti kaiacha wazi na wapangaji wanamtukana. Kama hayo si mapenzi, basi mimi sijui mapenzi ni nini.

Jengo zima lilimwita yule dada Bustani. Asubuhi alifundisha chekechea, jioni alilima roshani yake: mchicha kwenye ndoo zilizotoboka, vitunguu kwenye beseni, kotimiri kwenye chungu. Alichokosa alinunua kwa wakulima sokoni, na cha kopo hakikuingia kwake. Fundi, aliyekulia vya kopo, alianza kwenda kula Jumamosi, mara na Jumatano, mara akawa anakuja bila hata kusingizia lifti.

"Hata chumvi unalima?" alimtania.

"Ningekuwa na bahari ningelima. Menya kitunguu saumu, laazizi, maneno hayashibishi."

Sheria moja ya jikoni Bustani aliirudia kama anaimbisha watoto wake wa chekechea. "Maji ya kuoshea mboga hayamwagwi kwenye sinki. Tunayapeleka wapi?"

"Kwenye miche, mwalimu!" Fundi alijibu, mkono juu.

Baada ya miezi sita Fundi alikabidhiwa ufunguo wa nyumba, na siku aliyoamua kumwomba Bustani waoane, alitaka kwanza ampikie mwenyewe, kila kitu kwa mkono wake. Alifika wakati Bustani bado yuko kazini. Mchicha akachuma, vitunguu akang'oa, nyanya akakosa, maana miche yake ilishakauka. Ndipo akaziona tatu zimepangwa dirishani, kubwa, zenye mikunjo, zimeiva mpaka zimelegea. Akajisemea, zisipopikwa leo hizi zitaoza. Kuuliza si ujinga, lakini nani anauliza siku ya kumshtukiza mtu? Akazikata, akazikamulia kwenye chujio, kwa sababu Bustani hapendi mbegu mchuzini, na rojo akaitia sufuriani.

Bustani aliingia, akavuta harufu, akatabasamu. Kisha akatazama dirishani.

"Nyanya ziko wapi?"

"Hizi hapa, mpenzi." Akafunua sufuria.

"Na mbegu?"

"Nimezichuja. Na chujio nimeshaliosha, usihangaike."

Bustani aliketi sakafuni na gauni lake zuri. "Zilikuwa za mama," alisema taratibu. "Kazipanda tangu sijazaliwa. Mbegu alizopewa kaka zilishapotea, nilibaki mimi na hizo tatu, naziacha zilegee nitoe mbegu. Kabla hajafa mama aliniambia, siku nikiolewa, mchuzi wa kwanza nyumbani kwangu uwe wa nyanya hizi. Nilikuwa nazitunza kwa ajili yetu!"

"Bustani, sikujua."

"Hukuuliza. Acha ufunguo mezani."

Fundi akauacha, na ombi lake likabaki kooni.

Siku tisa alizunguka masoko, akiwaonyesha wakulima kwa mikono ukubwa wa nyanya zile na mikunjo yake. Hakuna aliyekuwa nazo. Simu zake hazikupokelewa. Dada yake alimpigia kila jioni.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mdogo wangu. Tafuta mwingine."

"Sitaki mwingine, dada."

"Basi angalau kula."

"Chakula cha kopo hakipiti tena."

Siku ya kumi alikuwa kwenye jengo lingine, mikono imejaa grisi, simu ikaita. Ni yeye! Nusura aiangushe.

"Kipenzi, nisamehe, mimi..."

"Nyamaza kwanza. Siku ile ulipoosha chujio, maji ulimwaga wapi?"

Fundi alihofia ni mtego, lakini akasema kweli. "Kwenye chungu cha kotimiri. Si ulinikataza sinki?"

Akasikia mtu anavuta kamasi.

"Njoo. Njoo sasa hivi."

Lifti ilikuwa nzima, mwenyewe ndiye aliyeitengeneza, lakini hakuwa na subira ya kuingoja. Alipanda ghorofa saba mbio. Bustani alikuwa roshanini, chaki bado vidoleni, ameinamia chungu. Katikati ya kotimiri vilikuwa vimechipuka vimiche kumi na moja.

"Nilidhani magugu," alisema. "Nikashika kimoja nikitoe, vidole vikanuka nyanya. Nusa."

Fundi akanusa. Machozi yakamtoka, mtu mzima na ovaroli lake.

"Nilikufukuza na kumbe ulifanya nilichokufundisha," Bustani alisema. "Wewe hukuuliza, na mimi sikuuliza. Nisamehe."

"Na ule mchuzi uliumwaga?"

"Niliula wote, huku nalia. Ulikuwa mtamu, mjinga wewe."

Wakacheka mpaka jirani akachungulia. Fundi akajifuta uso, akajipaka grisi. "Siku ile nilitaka kukuuliza jambo."

"Uliza basi."

"Utakubali nikuoe?"

"Nimekubali."

"Lini?"

Bustani akavitazama vile vimiche. "Zikiiva."

"Miezi mitatu yote?"

"Hata minne, jua likigoma. Una haraka ya nini? Kaoshe mchicha, tule."

Fundi akaingia jikoni, akauosha mchicha jani kwa jani. Kisha akarudi roshanini na beseni la maji mikononi, anatembea polepole, lisimwagike hata tone.