Doti ya Leso Kutoka kwa Kocha

Bibi Asiya wa Munje alikuwa barazani akikuna nazi. Alikuwa amefika nazi ya pili pikipiki iliposimama, na dereva akamkabidhi mfuko.

"Wa Hadiya huu. Umetoka kwa Kocha Jemima wa Ukunda."

Bibi akafuta mikono, akafungua. Ndani mlikuwa na doti ya leso mpya, nyekundu na nyeupe, haijakatwa wala kupindwa. Akaikunja upesi, akairudisha ndani ya mfuko. Huku kwetu, doti ya leso ikiletwa kwa msichana, watu huuliza posa ni ya nani. Na Hadiya, mjukuu wake, alikuwa na miaka kumi na mitano tu.

Jioni Hadiya alirudi kutoka shule.

"Huyo kocha wako anakutafutia mume?" Bibi akamuuliza.

"Bibi! Wasichana wote tumepewa. Tutajifunga juu ya suruali tukienda uwanjani, wazee wasinung'unike. Na Jumamosi twaenda Mombasa kushindana. Tutalala huko."

"Mtalala kwa nani?"

"Sijui. Kocha ndiye anayejua."

"Basi huendi."

Hadiya alilia. Alikuwa anaupenda mchezo wa softboli. Alikuwa hodari wa kuupiga mpira kwa gongo, kisha kukimbia kuzunguka vituo vyote.

Bibi akaenda kwa jirani yake Twaiba, mhudumu wa afya wa kijiji. "Watu wasema kocha huyo alikuwa bingwa huko bara, bega likaharibika, akawa kocha. Mimi nitajuaje kama ni kweli?"

"Kushuku si kosa, bibi," Twaiba akasema. "Lakini ukishuku ukiwa umekaa barazani, mtoto halindwi. Nenda kamuulize. Nani atasafiri nao? Watalala wapi, na mtu mzima gani? Mzazi akitaka kwenda, ataruhusiwa? Mtu mwema atakujibu. Akikasirika, mrudishe mtoto wako nyumbani."

Kesho yake wakaenda wote wawili uwanjani. Kocha Jemima alikuwa mwanamke mrefu, bega la kulia limeshuka kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leso nimeziona. Ni posa?"

"Posa? La, mama! Nilitaka mjue kwamba nawaheshimu."

"Kwetu mtu hupiga hodi kwanza. Zawadi baadaye. Haya, niambie, watoto watalala wapi?"

"Kwa rafiki yangu, ana nyumba kubwa. Dereva Samuel atawapeleka. Mimi nitatangulia kutayarisha uwanja."

"Rafiki huyo ni mwanamume?"

"Ndiyo, lakini ni mtu ninayemwamini."

"Unamwamini wewe. Mimi simjui. Wasichana wote hao na wanaume wawili, na wewe hupo?"

Twaiba alimtazama kocha usoni, akangoja hasira. Jemima hakukasirika. Aliinamisha kichwa, akalishika bega lake.

"Mama, mimi nilikuwa mrushaji mpira wa timu yetu. Tulichukua kombe mara nyingi. Tulikuwa tukisafirishwa hivi hivi, kama mizigo. Hakuna mzazi aliyemuuliza kocha wetu swali hata moja. Wenzangu wengine waliumizwa, wakanyamaza. Na leo nataka kufanya vile vile."

"Hujafanya bado," Bibi akasema. "Rekebisha."

Jemima akarekebisha. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akapiga hodi, akazungumza na wazazi. Akapata bweni la shule ya wasichana huko Mombasa. Twaiba akakubali kusafiri na kulala nao, na Jemima pia. Kila msichana akakariri namba ya simu ya nyumbani. Wakaambiwa: mtu akikugusa vibaya au akikutisha, sema, hata akiwa kocha mwenyewe.

Mzazi yeyote aliruhusiwa kwenda. Bibi Asiya akawa wa kwanza kupanda gari.

Usiku ule bwenini aliikagua milango, akajaribu makomeo moja moja. Alipoona wasichana wamelala salama, naye akalala.

Asubuhi alikaa pembeni ya uwanja, karibu na Jemima. Hadiya aliupiga mpira kwa nguvu, ukaenda mbali, akatimua mbio. Wasichana wa timu nyingine wakauokota mpira, wakamkimbilia nao.

"Mwanangu," Bibi akauliza, "mbona wanamfukuza? Amekosa nini?"

"Hajakosa, mama. Akifika kituo cha mwisho kabla ya mpira, tumepata pointi."

Bibi Asiya akasimama, buibui kalikusanya mkononi.

"Na wewe umekaa kimya? Hadiya wee! Kimbia, mjukuu wangu, kimbia!"