Mzunguko wa Nne wa Rikuya

"Hii nini?"

Chizuru alimsukumia mchumba wake Rikuya simu usoni, palepale kwenye korido ya uwanja wa kuteleza kwenye barafu, Nagoya, mwenzake akiwa na tonge la wali na mwani mdomoni.

"Orodha ya miruko yangu," Rikuya alijibu, akameza bila kutafuna. "Kila mchezaji amejaza."

"Najua. Imebandikwa mtandaoni, na mimi nasoma za watu wote. Mstari wa tano, soma kwa sauti."

Rikuya akakohoa.

"Lutz."

"Lutz ya mizunguko mingapi hewani, mpenzi?"

"Minne."

Miezi minane nyuma, mruko huohuo ulipomchana kifundo cha mguu wa kulia, Rikuya aliapa kitandani hospitalini kwamba haurudii tena. Lutz yake itakuwa ya mizunguko mitatu, basi. Chizuru, ambaye ndiye humpangia mchezo wake hatua kwa hatua, alimwamini. Akakubali na ndoa, ifungwe Aprili.

"Ungeandika mitatu halafu uruke minne, nani angekushtaki?" Chizuru aliuliza. "Karatasi hiyo haina adhabu."

"Sikutaka kuwadanganya waamuzi."

"Ahaa. Waamuzi umewaonea haya. Mimi je?"

Rikuya, fundi wa kutua kwa mguu mmoja, hapo hakuwa na pa kutua.

"Chizu, nielewe. Vijana wa sasa wanaruka mizunguko minne mara tano kwenye mchezo mmoja. Mimi na mara zangu tatu tu, na miaka yangu ishirini na saba, ni babu. Nisipoingia tatu bora leo, mashindano ya dunia nitayaangalia kwenye televisheni."

"Nani kakukataza kuruka? Ungesema tu umebadili mawazo, tugombane, tupatane. Wewe wiki sita unarudi mazoezini unachechemea, unaniambia ni kiatu kipya!"

"Kiatu nacho kilikuwa kipya."

"Usinichekeshe! Aprili isahau."

Akaondoka zake. Rikuya akamwandikia ujumbe: "Nikianguka, utakuja hospitali?"

Jibu likaja upesi: "Nitatuma maua. Ya bei rahisi."

Zamu yake ilipofika, kocha wake, Mwalimu Okabe, alimshika mabega ukingoni mwa barafu.

"Kichwa kipo?"

"Kipo, Mwalimu."

"Mguu?"

"Upo."

"Mchumba?"

"Hayupo."

"Afadhali, utapata pumzi. Nenda karuke."

Rikuya akaenda. Miruko mitatu ya mizunguko minne ikakubali, safi, ukumbi mzima ukipiga makofi kwa mdundo. Ikabaki Lutz. Akateleza kinyumenyume kuelekea pembeni, njia ndefu, mkono mbele, mkono nyuma. Akachoma barafu kwa ncha ya kiatu, akapaa.

Moja. Mbili. Tatu. Akatua laini kama paka.

Mwalimu Okabe alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, akakaa chini.

Rikuya alimaliza wa nne. Wa tatu alimpita kwa sifuri nukta sita, hata pointi moja haikutimia.

Chizuru alimkuta koridoni, akifungua kamba za viatu.

"Mbona mitatu?"

Rikuya aliinua uso, macho yamelegea kwa huba.

"Kwa ajili yako."

"Kweli?"

"Kweli tupu. Nilikuwa hewani nikakuona wewe."

Chizuru alimtazama kidogo, akageuka, akaanza kwenda. Rikuya akamkimbilia, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Chizu! Niliogopa!"

Akasimama.

"Nilipopaa tu nikasikia maumivu ya siku ile," Rikuya alisema. "Hayakuwepo, lakini niliyasikia. Nikaukatiza mzunguko wa nne kama mtoto anayeona sindano. Sikukukumbuka hata kidogo."

"Hata kidogo?"

"Hata jina."

Mabega ya Chizuru yakaanza kutikisika. Rikuya alidhani analia, kumbe anacheka. Akatoa simu, akatafuta namba, akamkabidhi.

"Haya, zungumza na mama yangu. Nilishamwambia tumeachana."

"Alisemaje?"

"Alishukuru. Mwambie Aprili iko palepale, umharibie furaha mwenyewe."

Simu ilikuwa tayari inaita. Kwa mara ya pili siku ile, Rikuya aliogopa.