Kadi ya Mama Vestine

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimetoa cherehani yangu barazani kama kila siku, na binti yangu Dancille alikuwa anafagia kabla ya kwenda masomoni. Mtumishi mmoja wa ofisi ya serikali akaja na kopo la rangi nyekundu. Hakusalimu mtu. Alipiga msalaba kwenye milango yote minne ya nyumba tuliyopanga.

"Kiwanja kimeuzwa," akasema. "Muko na siku kumi na tano."

Siku kumi na tano! Mimi nilishona hapo, karibu na soko la Walikale, miaka tisa tangu tuliposhuka kutoka milima ya Masisi. Pembeni yangu Patient alitengeneza redio, Mama Emérence aliuza mafuta ya mawese, na mlango wa mwisho Mama Vestine alikaanga maandazi. Sote tulikuwa wapangaji. Wakubwa waliuza kiwanja kama vile juu yake kulikuwa na majani tu.

Tulimwendea shefu wa mtaa. Baada ya maneno mengi alikubali: kila mpangaji mwenye jina kwenye orodha, pamoja na namba ya kadi yake ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, atapewa miezi mitatu na nafasi sokoni. Asiye na jina atatoka siku ile ile ya orodha kusomwa, bila kungoja zile siku kumi na tano. Dancille yuko darasa la sita na mwandiko wake ni mzuri. Nikamwambia akusanye kadi, aandike orodha.

Sasa niseme linaloniuma. Nilimwonea wivu Mama Vestine. Wateja walimpangia mstari alfajiri, wakati mimi nilingoja mtu mmoja mwenye suruali iliyopasuka. Mume wake yuko hai. Mke wangu Françoise amelala kaburini. Binti yake Vestine alisukwa nywele kila Jumapili. Dancille nilimnyoa kwa wembe, maana kusuka sijui.

"Dancille, unafanana na mvulana!" Vestine alimtania njiani, wenzake wakacheka.

Jioni moja, tukila bugali na sombe ya majani ya muhogo, nilisema, "Huyo mama, hata wakimufukuza hataanguka. Mungu alimumwagia yote yeye peke yake."

Dancille alinisikiliza, akitafuna. Kesho yake alinakili kadi tatu. Ya nne, nilikuja kujua baadaye, aliisukuma chini ya vipande vya vitambaa, ndani ya droo ya cherehani.

Ijumaa shefu alisoma orodha mbele ya nyumba. Alipomaliza, Mama Vestine alikuwa bado anangoja.

"Na mimi, shefu?"

"Jina lako haliko, mama. Wewe unatoka leo."

Wafanyakazi wa tajiri aliyenunua hawakungoja neno la pili. Walibeba meza yake, wakarudi kuchukua kikaango. Vestine akashika mpini wa kikaango kwa nguvu zote, wakamvuta pamoja nacho hadi barabarani.

Dancille akakimbia ndani. Alirudi na kadi mkononi.

"Shefu, kosa ni langu. Nilificha kadi yake."

"Kwa nini, mutoto?"

"Vestine iko na mama wa kumusuka."

Hakuna aliyecheka. Shefu alichukua kadi, akaandika jina la Mama Vestine, Uwamariya, na namba yake. Wafanyakazi wakarudisha meza.

Nilidhani Mama Vestine atamtukana binti yangu. Alimshika bega.

"Umesema kweli mbele ya watu. Hiyo ni kazi ngumu. Lakini angalia nyumba hii, mwanangu. Milango iko minne, ukuta ndio ule ule. Wakibomoa kwangu, kwenu kutasimama na nini? Wivu unafanya mutu asaidie anayemubomolea." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Papa Dancille, mutoto hakujifundisha hayo peke yake."

Alisema kweli.

Tulipewa miezi yetu mitatu, na sokoni tukapata meza nne, zote mstari mmoja. Lakini siku ile, kabla shefu hajaondoka, nilimuuliza neno moja. Alikunja orodha, akawasha pikipiki yake, akaenda. Ninyi mnaosoma shuleni labda mtanijibu neno hilo hilo: ni nani aliyetia sahihi kuuza nyumba yenye watu ndani?