Kidirisha cha Duka la Dawa la Watawa

Aliyepatwa na haya ni dada yangu, tumbo moja, kwa hiyo asije mtu akaniambia nimeyaokota barabarani. Alikuwa mfanya usafi katika monasteri kongwe ya mji wetu, ile iliyopakana na bahari, ambako watawa wa zamani walikuwa na duka lao la dawa. Sasa ni mahali pa wageni kutazama: rafu za mbao nyeusi, mitungi ya kauri, mizani, kinu cha shaba. Kazi ya dada ilikuwa kufuta vumbi, na vumbi la pwani halina adabu. Ukilifuta asubuhi, mchana limerudi.

Shemeji yangu alikuwa amefariki mwaka ule. Dada alilia mpaka majirani wakachoka kumpa pole. Alifuta mitungi huku machozi yakimdondoka, na bruda mzee aliyebaki kutunza nyumba akamtania kwamba angalau yeye haishiwi maji ya kufutia.

Ukutani mwa duka kulikuwa na kidirisha. Bruda alimweleza kwamba zamani mgonjwa alisimama upande huu, akaingiza mkono, na mtawa wa upande wa pili akampima mapigo bila kumwona uso, kisha akamwekea dawa kiganjani. Hakutaka kujua kama ni adui au rafiki, tajiri au hohehahe. Chumba cha upande huo wa pili kiliporomoka miaka mingi iliyopita. Ni kifusi kitupu.

Mchana mmoja, jua likiwaka, dada aliingiza mkono ili afute utando wa buibui. Vidole vikamshika kifundo. Vikavu. Baridi. Havikumvuta. Vilikuwa vinahesabu. Halafu vikamwekea kidonge kiganjani.

"Ukakimeza?" nilimnong'oneza jioni ile, jikoni kwake. "Kidonge cha kwenye kifusi? Una akili kweli wewe?"

"Nilikuwa nimechoka kulia, mdogo wangu."

Hakulia tena. Akalala, akala, na mimi nikafurahi kupita wote. Kisha siku moja akaipua sufuria kwa mikono mitupu. Nilisikia harufu ya ngozi inayoungua kabla hajaitua. Akaitazama mikono yake, akaendelea kukata vitunguu.

Baadaye binti yake, mtoto wa miaka sita, alianguka ngazini akapasuka kidevu. Dada alimtazama kama mtu anayetazama basi lisilo lake. Nilimbeba mimi hadi hospitali, na njia nzima hakulilia kidevu.

"Mama mdogo, mama hanipendi tena?"

Nilimwambia anampenda, ila anaumwa. Moyoni niliogopa. Mtoto huyu alishampoteza baba, na sasa mama alikuwa anamponyoka akiwa hai.

Nikamwendea bruda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanywea. Akasema kidirisha kitazibwa kwa saruji, fundi atakuja Jumatatu. Nikapumua.

Jumamosi dada akaenda kazini na mtoto. Jirani aliponiambia, niliacha cherehani na nguo ya mteja juu yake, nikakimbia.

Mlango wa duka ulikuwa wazi. Dada alikuwa anafuta mizani. Mtoto aliketi sakafuni, mikono mapajani.

"Mama mdogo," alisema taratibu, "siumii tena."

Nikatazama kidirisha. Kilikuwa usawa wa macho yangu. Mtoto asingeweza kuingiza mkono humo hata kwa kuruka.

"Nani kamwinua?"

"Mimi," dada alijibu bila kugeuka. "Aliniuliza dawa yangu niliipata wapi. Alisema anaumia."

Nililia palepale, peke yangu. Wakanitazama wote wawili. Kisha mtoto akaninyooshea kitambaa cha vumbi nijifute uso.

Kidirisha kimeshazibwa. Wanaishi vizuri tu, wanakula, wanalala, wanasalimiana asubuhi kama wapangaji wenza. Mimi ndiye ninayemwogesha mtoto. Jioni ya Jumamosi ile nilikuta alama za vidole kwenye kifundo cha mkono wake, nyeupe, nne upande mmoja na ya gumba upande wa pili. Hazitoki kwa sabuni wala kwa mafuta. Bruda nimemwonyesha, akafumba macho. Dada nimemwonyesha, akasema ni alama tu.

Mwezi uliofuata nilizikuta kwenye kiwiko.

Jana zilikuwa begani.