Pikipiki ya Majini Yafika Skuta

Kitendawili! Ukikimeza kinakuunguza, ukikitema kinakupoza. Haya, nijibu wewe unayenisikiliza. Lakini usikimbilie kusema uji wa moto, maana hata Kagure alisema hivyo akaambiwa hapana. Kaa nacho kwanza. Tutakutana nacho mbele.

Kagure alikuwa msichana wa darasa la sita, miaka ile watoto walipokuwa wakipewa maziwa shuleni. Aliishi Skuta, mjini Nyeri, pamoja na baba yake Gicheru na nyanya yake Magdaline, ambaye Kagure alimwita cucu kama watoto wote wa huko wanavyowaita bibi zao. Kila asubuhi aliwasha jiko la makaa, akampelekea cucu chai, kisha akachungulia mlangoni. Akiviona viatu vya baba vimeganda matope, alijua amerudi kutoka bwawani. Asipoviona, alijua baba bado yuko kule chini kwenye bwawa la Masinga, anapiga kasia.

Mtu wa Nyeri kuwa mvuvi lilikuwa jambo la kuchekesha. Majirani walilima viazi na kufuga ng'ombe.

"Gicheru, ulikosa shamba ukaamua kulima maji?" walimtania.

Baba alicheka nao, lakini alikuwa amechoka. Mtumbwi wake ulikuwa mzito na samaki walikuwa wamehamia mbali. Alirudi nyumbani mabega yamekufa ganzi, akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtoto. Mara nyingi alilala kitini hata kabla ya kuvua koti.

"Mwanangu, maji yatakumaliza," cucu alimwambia.

"Si maji, mama. Ni kasia."

Basi jioni moja baba alikuja na habari. Peterson, muuza vitu vilivyotumika pale mjini, alikuwa ameleta kutoka Mombasa pikipiki mbili za majini. Zilikuwa za hoteli moja ya ufukweni iliyofungwa. Baba aliamua kumwuzia jirani ng'ombe wao wa maziwa ili anunue moja. Cucu akasema, "Ng'ombe hurudi. Mtoto wa pekee harudi. Nenda ukanunue."

Jumamosi baba alikwenda kwa Peterson pamoja na Kagure na Khisa, mwenzake wa kuvua. Khisa alikuwa polisi mstaafu kutoka magharibi, aliyekulia kando ya mto. Kagure aliipenda mara moja ile nyekundu. Ilimetameta kama tufaha lililopanguswa.

"Hii, baba! Chukua hii!"

Khisa aliinama akaigonga tumbo kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Mahali fulani sauti ikabadilika, ikawa pu.

"Peterson, hapa palipasuka mkaziba, mkapaka rangi," alisema.

"Ah, mzee Khisa! Ni mkwaruzo tu."

"Mkwaruzo unaolia pu? Rangi haivui samaki, ndugu yangu."

Ile nyingine ilikuwa ya buluu iliyopauka, kiti kimeshonwa kwa uzi wa viatu. Khisa aliigonga kote, ikalia ko tupu. Akafungua kiti, akaingiza mkono chini kabisa, akautoa mkavu. Peterson akachomeka mpira wa maji ubavuni, ndipo akaiwasha. Injini ikanguruma, na maji yakachuruzika kutoka kwenye tundu dogo la pembeni.

"Mnaona?" alisema Khisa. "Huyu mnyama hupozwa na maji anayoyanywa akiwa bwawani. Nchi kavu hana cha kunywa."

Baba alimgeukia Kagure. "Umesikia? Hii haiwashwi nyumbani."

"Nimesikia, baba."

Wakaileta Skuta juu ya mkokoteni wake wa chuma, ikivutwa na pikapu ya jirani yao, mzee Wamae. Jumapili baada ya kanisa wakaanza kuivika. Nyuma ya kiti baba alifunga fremu ya chuma ya kubebea sanduku la barafu. Vipande vya bomba la plastiki vikawa vya kusimamishia mishipi. Nanga ilikuwa mkebe wa rangi uliojazwa saruji. Khisa alileta jaketi mbili za kuelea, kasia fupi, na filimbi yake ya polisi, akaining'iniza kwenye usukani.

"Ukikwama unapuliza," alisema.

"Nani atanisikia, viboko?" baba aliuliza. Wakacheka. Kagure hakuwa amemsikia baba akicheka hivyo kwa siku nyingi.

Sasa, ulikuwa Agosti, na Agosti ya Nyeri ni ukungu na baridi inayoingia mifupani. Kila asubuhi mzee Wamae aliwasha pikapu yake akaiacha ikinguruma huku akinywa chai. "Injini ni kama mzee," alipenda kusema. "Lazima ipashwe moto kabla ya kutumwa."

Jumanne shule zilikuwa zimefungwa, baba alikuwa bwawani na mtumbwi wake, na cucu alikuwa amekwenda kwa akina mama wa kanisa. Ngendo, rafiki yake Kagure, alikuja akaizunguka ile mashine.

"Ati pikipiki! Haina hata magurudumu. Baba yako aliuziwa sanamu."

"Inanguruma kuliko pikapu ya Wamae!"

"Basi niskie. Ama ni mdomo tu uko nao?"

Kagure alisita. Alikumbuka maneno ya baba. Lakini pia alikumbuka maneno ya mzee Wamae, akajiambia kwamba mashine imelala kwenye baridi, na kuipasha kidogo ni kuitunza. Kamba ya kuwashia, yenye kidude cha kuchomeka kama ufunguo, ilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Akaichukua, akaichomeka, akabonyeza kitufe.

Injini ilinguruma. Ngendo aliziba masikio, akacheka, akarukaruka. Kagure naye alisimama kama Wamae, mkono kiunoni, akiiacha ipate moto. Na moto iliupata. Harufu ya mpira unaoungua ilimjia puani, moshi ukachungulia chini ya kiti. Akaichomoa ile kamba.

"Mimi sikuwa hapa," alisema Ngendo, akakimbia.

Jioni ile Kagure hakugusa chakula. Baba alikuwa amelala kitini. Cucu alimtazama mjukuu wake, akajaribu dawa aliyoijua.

"Kitendawili!"

"Tega," alijibu Kagure kwa sauti ndogo.

"Ukikimeza kinakuunguza, ukikitema kinakupoza."

"Uji wa moto."

"Uji ukitemwa huchafua nguo. Jaribu tena."

"Nimeshindwa, cucu. Nakupa mji. Chukua Kerugoya."

"Kerugoya nitaifanyia nini na magoti haya? Hiki hakinunuliwi kwa mji. Nakudai."

Ijumaa wakashuka Masinga kwa pikapu, mashine ikivutwa nyuma, Kagure akiwa katikati ya baba na mzee Wamae, Khisa akiwa nyuma na mizigo. Kadiri walivyoteremka ndivyo baridi ilivyobaki nyuma na jua likazidi ukali. Baba alisinzia njia nzima, kichwa kikigongagonga dirisha. Kagure aliitazama mikono ya baba iliyojaa malengelenge, akaona afadhali angepigwa.

Ufukoni waliisukuma mashine majini. Mbali kidogo, migongo ya viboko ilionekana kama mawe meusi, kisha jiwe moja likapumua. Baba alivaa jaketi.

"Kuna mtu aliyeigusa hii tangu Jumapili?" aliuliza, akikaza sanduku.

Khisa alitikisa kichwa. Kagure aliangalia viatu vyake. Koo lilikuwa linamwaka.

Baba akapanda. Akachomeka kamba.

"Baba, usiende!" Kagure aliingia majini na viatu vyake, akashika fremu ya chuma. "Ni mimi niliyeigusa! Niliiwasha nyumbani bila maji, niipashe moto kama mzee Wamae. Ilitoa moshi. Baba, shuka!"

Baba alishuka polepole. Khisa akafungua kiti, akaingiza mkono, akautoa umeshika kipande cha mpira mweusi kilichokauka na kupasuka kama ganda la mti.

"Huu ndio mpira unaotoa maji na moshi nje," alisema. "Ungewasha, maji yote yangeingia tumboni. Ungezama pale katikati, Gicheru. Pale kwa wale." Hakuhitaji kuwaonyesha viboko.

Baba aliketi kwenye matope. Hakupaza sauti. "Nimechoka, Kagure," alisema, na neno hilo lilimuuma kuliko fimbo. Alilia mpaka baba akamvuta karibu.

Wamae alikohoa. "Mimi na injini zangu za kupashwa moto," alinong'ona. Akamchukua Khisa, wakaenda na pikapu mpaka Sagana kutafuta mpira mnene wa lori na vibanio vyake. Waliporudi jua lilikuwa limeshainama. Walifunga mpira mpya, kisha wakaifunga mashine kwa kamba kwenye mti na kuiwasha kwenye maji ya magotini, Kagure akiangalia kama tundu la pembeni linatoa maji na tumbo linabaki kavu. Lilitoa maji. Tumbo likabaki kavu. Siku ya kuvua ilikuwa imekwisha, wakalala pale pale, lakini asubuhi iliyofuata baba alikwenda na kurudi na sanduku la ngege, na mabega yake hayakuwa yameinama.

Nyumbani, cucu akiwakaanga wale samaki, baba alimwita binti yake.

"Mashine ikiharibika, mtu hufungua kiti akaona. Mtoto akinyamaza, nitafungua wapi? Ulikosa kwa kutonisikiliza, na kila Jumamosi utaiosha na kuikagua wewe. Lakini ulisema kabla sijaondoka, ndiyo maana niko hapa nakula. Ukikosa, sema mapema. Hata kama unaogopa. Hasa ukiwa unaogopa."

"Ndiyo, baba."

Cucu aligeuza samaki, mafuta yakalia chwaa.

"Kagure, mimi bado nakudai."

Kagure alifikiri kidogo. Koo lake lilikuwa limepoa.

"Kosa, cucu," alisema. "Kosa ulilolifanya mwenyewe."