Haki ya Kupumzika

Zamu ya kujaza tangi la uani ilizunguka nyumba kwa nyumba, na Jumamosi hiyo ilimwangukia binti wa fundi cherehani. Majirani walimwita Wakili, maana tangu mwalimu afundishe haki za watoto, hakutumwa hata chumvi bila kuleta hoja.

Mama yake alimwagiza akae karibu na tangi, likijaa afunge koki.

"Mama, leo si siku ya shule. Kupumzika ni haki ya mtoto."

Mama alimjibu kwamba atapumzika koki ikishafungwa. Wakili akafungulia maji, lakini wenzake walikuwa wanaruka kamba nje. Akajiambia anakwenda mara moja tu. Mara moja ya mtoto mnaijua.

Aliporudi, ua ulikuwa umefurika. Maji yalikuwa yamepita chini ya mlango wa Bibi Mkunga, mzee aliyeishi peke yake na ambaye siku hiyo alikuwa matembezini. Mgongo ulimkataza kitanda, hivyo godoro lake la pamba lilikuwa sakafuni. Wakili alifunga koki, akatazama huku na huku, akanyamaza kimya.

Asubuhi walimkuta Bibi kwenye kiti, amejifunika shuka, anakohoa. Alikuwa amekesha hapohapo, godoro chapachapa, hakutaka kumsumbua mtu. Mama aliuliza nani aliacha koki wazi. Wakili akaangua kilio, akasema yote, kisha akakimbia kulileta godoro lake mwenyewe.

Bibi alimkalisha karibu. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mjukuu wangu, usiku uliozaliwa wewe nilikuwa nimetoka kuzalisha mama mwingine. Macho yalikuwa yakijifumba yenyewe. Hata mimi kupumzika kulikuwa haki yangu. Lakini mama yako aligonga mlango, nikaamka."

Wakili, bingwa wa hoja, akainuka kulianika godoro la Bibi juani.

Alilala mkekani mpaka pamba ilipokauka. Kikohozi cha Bibi kilikawia kupona, na kila kilipovuka ukuta Wakili alijuta upya, akatamani ile Jumamosi irudi.

"Haki yako hakuna anayeikataa," mama yake alimwambia, mkono ukiwa begani mwake. "Ila na Bibi anayo hiyohiyo, na siku ile aliyekabidhiwa kuilinda ulikuwa wewe."