Karatasi Kwenye Printa

Kitu cha kwanza nilichokiona ni karatasi moja kwenye printa ya ukumbini, imelala uso juu. Ilikuwa saa moja asubuhi. Mimi ndiye ninayefagia ofisi ile, na dada yangu alikuwa karani wa wafanyakazi humo humo.

Ilikuwa barua ya daktari. Nilisoma jina la dereva wetu, kisha jina la ugonjwa wake. Nikaigeuza uso chini, nikaendelea kufagia.

Kufika saa nne, kila mtu alijua.

"Dereva, leo usinipe mkono," alisema mlinzi, akacheka peke yake.

Dereva aliweka funguo za gari mezani, akatoka. Hakurudi tena.

Meneja alimwita dada. "Barua ya daktari ilipita mikononi mwako tu."

"Bosi, nilikutumia kwa barua pepe. Niliifunga kama fundi wa kompyuta alivyotufundisha, isifunguke ila kwako."

"Basi ilifunguliwa na jini?"

Dada aliachishwa kazi siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata alikuja yule fundi wa kompyuta. Aliniona na ndoo yangu. "Mdogo wangu, sogea, nawe usikie."

Akaeleza: "Barua pepe ya kawaida ni karatasi isiyo na bahasha. Ndiyo maana tunaifunga. Kila mtu ana kufuli na ufunguo ndani ya kompyuta yake. Kufuli unawagawia wote, wakufungie barua. Ufunguo ni wako peke yako. Neno lake la siri hata mkeo humpi. Na kichwa cha barua hakifungwi, kwa hiyo usiandike ugonjwa wa mtu pale."

Meneja alikohoa. "Neno langu la siri analo katibu wangu. Kioo cha kompyuta kinaniumiza macho. Hunifungulia barua, akanichapia."

"Anachapa wapi, mzee?"

"Pale ukumbini."

Sote tukaigeukia printa.

"Basi barua ilifika salama," alisema fundi taratibu. "Mliifungua wenyewe, mkaianika."

Alasiri ile meneja alitengeneza ufunguo mpya. Neno la siri alilichagua mwenyewe, refu, akalishika kichwani. Fundi akamkuzia maandishi kwenye kioo. Sasa anasoma mwenyewe, miwani puani, na barua za siri hazichapwi tena.

Lakini dereva hapokei simu zetu. Na kiti cha dada kina mtu mwingine.

Jana nilimkuta dada anakunja sketi zake za kazini, anaziweka chini kabisa ya sanduku.

"Nafuu yako wewe," alisema. "Uliishia darasa la nne. Hakuna anayekuuliza kitu."

Kweli, hakuna aliyeniuliza. Niliogopa wangesema nasoma barua za wakubwa. Nikakaa karibu naye.

"Dada, ile karatasi niliiona kabla ya wote. Niliisoma, nikaiacha palepale kwenye printa. Ulipokuwa unafokewa nilikuwa mlangoni na ufagio wangu. Nilijua si wewe."